SOMO LA MWEZI: MWITU WA KICHWANI MWA BONDE



Somo letu la mwezi huu halihusu kuchuma wala kuanika. Lahusu miti isiyotoa hata pishi moja ya karafuu, na pengine ndiyo sababu wengi wetu huipita kila siku bila ya kuitazama. Tumeliandika kwa kuwa tumeletewa jambo, na jambo lenyewe ni hili.

Familia moja ya wanachama wetu hapa Pemba, ndugu sita waliorithi pamoja, wanazo eka nne za mwitu kichwani mwa bonde. Mwitu huo haujapata kulimwa kwa kadiri wazee wakumbukavyo. Mna mivule mitatu mikubwa, mna mitondoo na mikuyu, na chini yake vichaka vilivyofungana hata mtu hupita kwa kuinama. Katikati mna makaburi ya kale. Chini ya mwitu yatoka chemchem, na chini ya chemchem yapo makonde ya mpunga ya watu kumi na watatu, wengi wao si wa familia hiyo. Ndugu wanne kati ya sita walituandikia wakiomba miche 250 ya mikarafuu wapate kufyeka mwitu wote na kupanda. Hesabu yao ilikuwa sawa: mikarafuu ikipandwa mita 8 kila upande, eka moja yachukua miche 63 hivi, na eka nne zachukua 252. Haja yao pia ni ya kweli. Mmoja wao anasomesha watoto wawili, na mwingine nyumba yake imesimama bila ya bati tangu msimu uliopita.

Kamati yetu iligawanyika. Wako waliosema kwamba kazi ya chama ni kuzidisha karafuu, na mwanachama akiomba miche apewe. Wako waliosema tusipewe lawama ya chemchem ya watu. Basi tulikubaliana jambo moja tu, twende tukatazame kwa macho, kisha tuandike tuliyoyaona na tunayoyajua, ili na ninyi mpate kuyapima. Kwani mwitu wa namna hii hauko kwa familia hiyo pekee. Vichwa vya mabonde, kingo za vijito na ncha za vilima vilivyobaki na miti ya asili viko katika mashamba ya wengi wetu, na kila bei ya karafuu inapokuwa nzuri hutazamwa kwa jicho la shoka.

Tuanze na maji, maana ndiyo yaliyotuleta.

Pemba hupata mvua nyingi, kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka, nyingi yake ikinyesha masika. Siku moja ya masika makubwa huweza kushuka milimita 50. Watu husikia hesabu hii katika redio wasiitie moyoni. Milimita moja ya mvua katika mraba wa mita moja ni lita moja ya maji. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Basi mvua ya milimita 50 katika eka moja ni lita zaidi ya 200,000, yaani mapipa elfu moja yale ya lita 200. Katika eka nne za mwitu ule ni mapipa elfu nne kwa siku moja. Swali la mkulima ni hili: mapipa hayo elfu nne yatakwenda wapi?

Yapo mahali mawili tu pa kwenda kwa wingi. Ama yaingie ardhini, ama yateremke juu ya ardhi. Yakiingia, hushuka polepole, na sehemu yake hutokea chini ya kilima wiki na miezi baadaye kama chemchem. Yakiteremka, hufika bondeni kwa saa moja, huchukua udongo, huzika mpunga, na mwezi wa pili bonde huwa kavu na watu hubeba ndoo kwenda mbali. Mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni ngozi ya kilima.

Asiyeamini na afanye jaribio hili nyumbani, nasi tumelifanya mbele ya kamati. Twaa karai mbili zilizotoboka, au kata madebe mawili ubavuni upate sinia mbili, na kila moja itoboe tundu chache chini. Jaza udongo wa shamba lako katika zote mbili kwa kiasi kimoja. Moja iache udongo mtupu, ushindilie kidogo kama ulivyoshindiliwa na miguu ya wachumaji. Ya pili ifunike kwa majani makavu na vijiti kama vile vilivyolala mwituni. Ziinamishe zote sawasawa, kisha mimina maji kwa ndoo ya kunyunyizia, kiasi kimoja kimoja, na kinga maji yanayotoka ukingoni. Ya udongo mtupu yatatoka upesi, tena mekundu. Ya majani yatachelewa, yatakuwa machache, na rangi yake itakaribia ya chai nyepesi. Mjumbe mmoja wa kamati, aliyekuwa upande wa kufyeka, aliyatazama yale maji mekundu akasema, "Huu ndio udongo niliokuwa nikitaka kupandia karafuu." Hatukuwa na haja ya kuongeza neno.

Hapa tusidanganyane. Wako wasemao kwamba miti huleta maji, kana kwamba mti ni bomba. Mti hunywa maji, na mti mkubwa hunywa mengi. Miti iotayo haraka, kama mikaratusi, ikipandwa karibu na chemchem huweza kuipunguza hata kuikausha, na asiandike mtu kwamba tulimwambia apande mikaratusi kisimani. Faida ya mwitu wa asili kichwani mwa bonde haitokani na kuongeza mvua. Yatokana na udongo wake. Mizizi ya kila kimo, mingine mirefu na mingine ya juu juu, na wadudu na minyoo wafukuao humo, na majani yaozayo mwaka baada ya mwaka, huufanya udongo kuwa kama sifongo. Sifongo hiyo haipatikani kwa kupanda miti ya aina moja katika mistari na kufagia chini yake. Yahitaji miaka mingi. Kuiondoa kwahitaji kiangazi kimoja.

Ndugu wale wanne walitujibu jambo lenye nguvu. Walisema, "Ndiyo maana twautaka udongo huo. Ni mpya, mweusi, mkarafuu utastawi." Ni kweli utastawi, kwa miaka ya mwanzo. Lakini mwinamo wa pale ni mkali, na mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kutoa cha maana. Katika miaka hiyo ardhi iko wazi, palizi juu ya palizi, na masika sita hadi manane yatapita juu yake. Ule udongo mweusi walioutamani utakuwa bondeni kabla ya karafuu ya kwanza kufika jamvini.

Sasa upepo. Kila mkulima wa karafuu ajua habari ya tufani ya Aprili 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, kiasi cha theluthi mbili kwa kauli ya wengi, ikaiacha Pemba kwa salama, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Hatusemi kwamba ukanda wa miti ungeizuia tufani kama ile. Lakini upepo tunaohasirika nao zaidi si tufani. Ni kusi ya kila mwaka, ikaushayo miche na kutikisa mizizi michanga. Ukanda wa miti uliofungana, wa kimo mbalimbali, hupunguza nguvu ya upepo kwa umbali wa kiasi cha mara kumi ya urefu wake. Miti ya mita 12 huikinga ardhi ya mita 120 nyuma yake. Tazameni mashamba yaliyo nyuma ya mwitu ule: mikarafuu ya upande wa kaskazini imesimama wima, na ile ya upande usio na kinga imelala kama watu wanaosikiliza mlangoni.

Ukanda huo usiwe ukuta. Ukuta mzito hufanya upepo uruke juu na kuanguka nyuma kwa kishindo. Wafaa uwe wa kupenya kidogo, kama ua la makuti lililochakaa.

Tuje kwa viumbe. Twajua wengine watacheka, maana mkulima ana mashaka yake na viumbe. Tumbili hula, popo hula maembe, ninga hawana faida ya kuonekana. Hata hivyo twaomba subira, kwa sababu ya popo khasa.

Popo mkubwa wa Pemba hapatikani mahali pengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka. Mwaka 1989 waliomtafuta walionana na wachache sana. Alikuwa akiwindwa kwa nyama, na miti ya kulala ilikuwa imekatwa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 watu wa vijiji walianza kuyalinda makazi yake, kama vile Kidike, na hesabu ikarudi kuwa maelfu kwa maelfu, zaidi ya 20,000 ilipohesabiwa miaka ya 2000. Makazi mengi yaliyosalimika yalikuwa kwenye miti ya makaburini, kwa kuwa hapo watu hawakati. Waliowaheshimu wafu wao waliwahifadhi na popo pasipo kukusudia.

Na popo afanya nini? Yeye ndiye mpanzi wa mvule. Tunda la mvule ni laini, lafanana na kidole kinene cha kijani, na ndani mna mbegu ndogo mno. Popo hulila, huruka nalo, na mbegu huzitupa mbali na mti mama. Tondoo nazo huzibeba, akala ganda la nje na kuidondosha kokwa njiani. Ukiona mche wa mvule umeota ukingoni mwa shamba lako mahali usipopanda mtu, mshukuru mnyama uliyemrushia jiwe. Wako na wengine wa hapa petu tu: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba na yule ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe la jicho. Bundi huyo huonekana Ngezi na Msitu Mkuu, na pia katika mikarafuu ya zamani iliyoachwa ikafungana na miti mingine. Basi hata shamba letu, likiwa na miti mchanganyiko, laweza kuwa nyumba yake.

Na maji moto, wale chungu wekundu waumao wachumaji? Hapa Zanzibar walichunguzwa mapema miaka ya 1950 na mtaalamu M. J. Way, akaonyesha kwamba minazi waliyokaa hukingwa na mdudu afyonzaye nazi changa zikapukutika. Katika mikarafuu habari yao ni mchanganyiko, maana huwafuga wadudu gamba wafyonzao utomvu. Kwa hiyo hatuwasifu wala hatuwalaani. Twasema tu kwamba mambo ya shamba yamefungamana zaidi ya yaonekanavyo kwa mtu aliyeumwa shingoni akiwa juu ya mti.

Basi asiye na mwitu aufanyeje? Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Njia ya kwanza ni kuacha. Yaonekana si kazi, lakini ni kazi. Chagua mahali pasipofaa kulimwa: mwinamo mkali, ukingo wa kijito, nyuma ya makaburi, pembe ya mawe. Paache pasichomwe moto na pasilishwe mbuzi. Mwaka wa kwanza yatakuja magugu, nawe utaona haya mbele ya majirani. Mwaka wa pili na wa tatu itatokea mipesi, iotayo upesi na kutoa kivuli chepesi, na ndege waijiao matunda yake huacha mbegu za miti mingine. Kama mwitu mwingine uko karibu, mahali hapo hujijaza penyewe, na miti ijayo ndiyo ile ipendayo ardhi hiyo. Kazi yako ni kukata mitambaa inayoikaba miche, mara mbili kwa mwaka, na kuzuia moto. Njia hii haina gharama ya kitalu, nasi twaipendelea kuliko zote.

Njia ya pili ni kupanda, pale ambapo hapana mwitu wa karibu wa kuleta mbegu. Mtondoo ni mwalimu mzuri wa kuanzia. Kokwa yake ina gumba gumu. Ukiipanda nalo huweza kukaa karibu miezi miwili kabla ya kuota, lakini ukilivunja kwa uangalifu na kulitoa, mbegu huota kwa wiki tatu hivi. Tumia nyundo ndogo na mkono mwepesi. Watoto hufanya kazi hii vizuri kuliko sisi. Mtondoo wastahimili upepo wa bahari na mchanga, na mafundi wa vyombo waujua mbao wake.

Mvule ni habari nyingine, na hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita kitalu cha chama kiliotesha miche ya mvule kwa mamia, tukaipanda yote pamoja mahali pamoja, juani, katika mistari iliyonyooka hata ikapendeza kupigwa picha. Kabla ya mwaka kwisha karibu yote ilikuwa na vivimbe katika majani na ncha, vivimbe vikapasuka, vikaoza, na miche ikafa kutoka juu kwenda chini. Kumbe yuko mdudu mdogo, wataalamu humwita Phytolyma, ambaye hutaga juu ya mvule mchanga, na mtoto wake huufanya mti utoe kivimbe akae ndani. Anapoikuta miche mia pamoja, huwa amekuta soko. Katika mwitu mche wa mvule huota mmoja hapa na mwingine kule, chini ya kivuli chepesi, na mdudu hupata tabu kuutafuta. Tulipoteza miche, fedha za wanachama, na msimu mmoja mzima. Siku hizi twapanda mvule mmoja katikati ya miti mingine kumi au zaidi, chini ya mipesi, na mingi imepita kimo cha mtu. Jueni pia kwamba mvule una dume na jike. Jike ndio uzaao, kwa hiyo usiutegemee mti mmoja kukupa mbegu. Na mbegu zisiwekwe sana, zipandwe mbichi.

Hatua za upandaji ziwe mita 3 kila upande, na si 8 kama mikarafuu, kwa sababu twataka vivuli vikutane upesi vikaue magugu. Kwa hatua hiyo eka nzima yachukua miche 450, na robo eka 112 hivi. Panda masika yanapoanza, udongo ukiwa umelowa barabara, na palilia duara la mita moja tu kuzunguka kila mche. Usifyeke pote. Nyasi zinazobaki ndizo zishikazo udongo mpaka miti ishike kazi.

Tutahadharishe juu ya miti ya kigeni. Si kila mgeni ni mbaya. Mkarafuu wenyewe ni mgeni, uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na mwembe nao ni mgeni. Lakini wako wageni wasiojua mipaka. Ule mti ambao bara huitwa mhesi, na wataalamu Maesopsis eminii, uliingizwa Ngezi, ukapendwa kwa kuota haraka, na ndege wakaupenda zaidi. Sasa umesambaa ndani ya mwitu na kuchukua mahali pa miti ya asili, kama ulivyofanya katika milima ya Usambara. Ngezi ni hifadhi tangu 1959, na ni humo ulimo mpapindi, ule mchikichi mwembamba wa Pemba usioota porini penginepo duniani. Kuupoteza kwa sababu ya mti uliotakiwa kwa mbao za haraka ni biashara mbaya.

Sasa utunzaji. Wako wanaodhani mwitu wa asili ni kitu cha kutoguswa. Sivyo, isipokuwa mahali pa chemchem na makaburi. Mwitu wa shamba waweza kukupa kuni, fito, nguzo, asali na dawa mwaka hata mwaka, ukiwa na zamu. Ugawe mafungu saba au manane kwa alama za mawe. Kila mwaka kata kuni katika fungu moja tu, na miti midogo midogo tu, ukiiacha ile mikubwa izaayo mbegu. Kata kwa shoka kali au msumeno, chini, karibu na ardhi, na kwa mshazari ili maji ya mvua yasikae juu ya kisiki. Visiki vingi vitachipua. Baada ya mwaka mmoja chagua machipukizi mawili au matatu yaliyo mazuri, mengine uyaondoe. Ukirudi fungu la kwanza baada ya mzunguko, kuni ziko tayari, na mizizi haikuwahi kuiachia ardhi hata siku moja. Gogo moja moja lililokauka liache limesimama au limelala. Bundi hulala mashimoni humo, na nyuki hupenda.

Mwanachama mmoja aliuliza kama nyuki huongeza karafuu. La. Sisi twachuma ua kabla halijafunguka, na nyuki hafiki kitu. Anachokupa ni asali na nta, na ni vya kutosha.

Kabla ya kukata mti mkubwa ulizeni kibali kwa watu wa misitu. Na vijiji vyenye mwitu wa pamoja vyajua, au yafaa vijue, kwamba sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 iliwapa wanakijiji njia ya kuingia mkataba na serikali wausimamie mwitu wao wenyewe, wakiweka kanuni zao za kukata na kulinda. Mikataba kama hiyo imefanywa Unguja na Pemba.

Liko neno la hewa nalo. Husemwa sana siku hizi kwamba miti huhifadhi hewa ya ukaa, na ni kweli: karibu nusu ya uzito wa gogo lililokauka ni kaboni iliyotolewa hewani. Lakini asipande mtu kwa kutazamia kulipwa fedha za hewa hiyo kesho. Apande kwa ajili ya kisima.

Sauti moja imetujia mara nyingi, nayo yastahili jibu. Mwenye eka tatu, kama walivyo wengi, na watoto saba, atatoa wapi nafasi ya mwitu? Pemba yote ina kilomita za mraba 988 hivi, na hesabu ya watu ya 2022 ilipata zaidi ya watu 540,000. Hatumwambii mwenye eka tatu atoe eka moja. Twamwambia atazame kingo. Ukanda wa mita 5 kando ya kijito chenye urefu wa mita 100 ni thumuni ya eka tu, na ardhi hiyo aghlabu hutuama maji, nao mkarafuu hauvumilii kutuama. Mwenye kidogo apewe kazi kidogo. Mwenye kichwa cha bonde ndiye mwenye neno kubwa, kwa kuwa akikosea hakosei peke yake.

Turudi kwa wale ndugu sita. Tulipokwisha kuutazama mwitu, tuliomba kuonyeshwa mikarafuu yao ya zamani. Ni eka sita. Kwa hatua ya mita 8 nafasi zake ni 378. Tulihesabu, mti kwa mti, watu watatu kwa siku nzima, tukapata mikarafuu hai 231. Nafasi 147 ni tupu: mingine ilikufa kwa maradhi, mingine iliangushwa na upepo, mingine iliuliwa na mchwa tangu michanga, na haikurudishiwa. Kisha liko konde la muhogo la eka mbili, limechoka lakini ni tambarare, lenye nafasi za miche 126. Basi miche 147 yaingia katika mapengo, si katika shimo lile lile ulimokufa mti bali pembeni yake, na 103 iliyobaki yaingia kondeni, ikifunikwa kwa mbaazi na migomba mpaka ishike. Jumla 250. Ni miche yote waliyoiomba, na hapana mti wa mwituni uliokatwa.

Hatuwafichi kwamba njia hii ina kazi zaidi. Konde lahitaji mboji ya miaka miwili au mitatu, na mche uliopandwa pengoni kati ya mikarafuu mikubwa hukua kwa unyonge kuliko uliopandwa ardhi mpya. Waliyataja haya wenyewe, na wana haki. Chama kimeahidi kuwachangia mboji na kuwapa zamu ya kwanza kitaluni. Mwenye watoto wanaosoma alikubali siku ile ile. Mwenye nyumba isiyo na bati alisema atafikiri, akauliza kama mvule mmoja, ule uliokauka nusu, waweza kuuzwa kwa kibali. Tumempeleka kwa Bwana Miti. Wawili hawajakubali mpaka leo, na wenye mpunga nao wameomba wasikilizwe. Kikao kitakaa hapo hapo bondeni baada ya mavuno ya mpunga, na wanachama wa mabonde ya jirani wanaalikwa.

Kwa sasa kitalu kina miche ya mtondoo tayari. Miche ya mvule itatolewa kwa kila mwanachama mitano tu, wala msituombe zaidi. Njooni na vikapu vyenu, maana viriba huvunjika mizizi vikibebwa mkononi.